Jinsi ya kukadiria kasi ya elektroni ndani ya protini

Wanafunzi wa baiokemia ninaowasaidia hapa Moshi hudhani kazi hii haiwezekani bila maabara ya gharama. Kwa makadirio ya kwanza, kompyuta ya kawaida na Excel vinatosha. Ila pakua faili mapema, kabla umeme haujakatika.

Hatua ya 1: Pata umbo. Ingia Protein Data Bank, hifadhi ya mtandaoni ya maumbo ya protini, tafuta 6EF8. Hiyo ni OmcS, protini inayojipanga kuwa waya mrefu. Bakteria Geobacter sulfurreducens huitumia kupeleka elektroni nje ya seli yake mahali pasipo na oksijeni. Umbo lilichapishwa mwaka 2019, na kila protini moja ina himu 6, yaani pete bapa zenye atomu ya chuma katikati; elektroni huruka kutoka himu moja hadi nyingine. Fungua faili kwa ChimeraX, programu ya kuonyesha molekuli ambayo ni bure kwa matumizi ya kielimu, kisha ficha vyote ubakize himu tu.

Hatua ya 2: Pima umbali. Hapa ndipo wengi huteleza: wanapima kutoka atomu ya chuma hadi atomu ya chuma. Elektroni haikai kwenye chuma peke yake, imetandaa kwenye pete nzima ya himu. Kwa hiyo tafuta atomu mbili za pete zilizo karibu zaidi, moja kila upande, upime kati yake. Mikia ya propionati inayoning'inia pembeni mwa pete iache, hata kama inaelekea kugusana. Andika jibu kwa angstromu (moja ni sehemu ya kumi ya nanomita).

Hatua ya 3: Kokotoa. Kanuni inatokana na kazi ya Christopher Moser, Leslie Dutton na wenzao miaka ya 1990, juu ya msingi wa nadharia ya Rudolph Marcus, mshindi wa Nobel ya Kemia ya 1992:

log k = 13 − 0.6(R − 3.6) − 3.1(ΔG + λ)²/λ

k ni idadi ya miruko ya elektroni kwa sekunde. R ni umbali uliopima. ΔG ni badiliko la nishati, hasi elektroni ikiteremka. λ ni nishati ya protini na maji kujipanga upya. Zote mbili ziwe kwa elektronivolti. Kama huna λ, anza na 0.7. Kwenye Excel, weka R kwenye A2, ΔG kwenye B2 na λ kwenye C2; jibu ni log k, hivyo k ni 10 kwa kipeo cha jibu hilo:

=13-0.6*(A2-3.6)-3.1*(B2+C2)^2/C2

Jaribu ΔG = 0 na λ = 0.7. Kwa angstromu 10 unapata takriban miruko milioni 10 kwa sekunde. Kwa 14, kama 39,000. Kwa 20 inabaki kama 10 tu, na kwa 25 elektroni inangoja sekunde 100 hivi. Ndiyo maana katika protini zinazofanya kazi hii, vituo vinavyopokezana elektroni kwa kawaida haviachani zaidi ya angstromu 14.

Ikiwa ΔG ni chanya, usiiingize hivyo hivyo. Kokotoa safari ya kurudi, yaani weka ΔG hasi, kisha kwenye jibu la log toa ΔG/0.06, ukitumia ΔG ile chanya ya mwanzo.

Hatua ya 4: Tafuta pengo baya. Fanya hivyo kwa kila jozi ya himu zinazofuatana. Ni kama kuvuka mto Kikafu kwa kurukia mawe: mawe mengi ya karibu hayakusaidii kama mbele kuna pengo moja pana. Mruko wenye k ndogo kuliko yote ndio unaobana safari nzima. Kwa OmcS utaona himu zimebanana sana.

Hatua ya 5: Hamia kwenye peptidi (minyororo mifupi ya amino asidi) za kutengeneza. Kundi la Dutton liliunda mafungu ya heliksi nne (minyororo iliyojisokota), himu ikishikwa na histidini mbili, ambazo ni amino asidi. Ukibuni lako, amua kwanza nafasi za histidini, ndipo uchague amino asidi nyingine. Mimi hulenga pengo lisilozidi angstromu 10. Peptidi isiyo na kituo chochote cha elektroni kama himu, iliyofungwa kwenye dhahabu kwa sisteini, usiipime kwa kanuni hii moja kwa moja: elektrodi ya metali ina ngazi nyingi za nishati, na hesabu yake ni nyingine.