Kabla ya kuvuta trela kwenda ziwani: mambo tunayoyakagua sisi wawili

Kiangazi chetu cha pili na trela letu dogo la kulala, mgongo wa Baba Watoto ulikwama asubuhi ya kuondoka. Tulikuwa Tettegouche, hifadhi ya jimbo la Minnesota kando ya Ziwa Superior, zaidi ya maili 200 kutoka nyumbani kwetu karibu na Minneapolis. Aliinama kukunja bomba la maji, hakuinuka. Ikabidi mimi nifunge trela kwenye gari na niendeshe. Nilikuwa nimemwona akilifunga mara nyingi, nikimshikia tochi, nikimpa glavu, lakini kulifunga mwenyewe, hata siku moja. Alikaa kwenye kiti cha kukunja akinielekeza kwa kidole, jasho likimtoka kwa maumivu, na kazi ya dakika kumi na tano ikatuchukua saa moja na nusu.

Tangu siku hiyo orodha yetu ina sharti moja lililo juu ya mengine yote: kila jambo lililomo, kila mmoja wetu awe amelifanya kwa mikono yake, hapo uani, kabla ya safari ya kwanza ya mwaka. Nawaandikia hasa wenzetu wa huku Marekani na Kanada walioanza kununua matrela madogo ya kulala. Naona mara nyingi ni mume anayejua vyuma na mke anayejua chakula. Mkiwa njiani gawaneni kazi, lakini ujuzi msigawane.

Uzito tunautazama kwanza. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo yake kuna kibandiko kinachotaja uzito wa abiria na mizigo ambao gari halipaswi kuupita. Muuzaji atakuambia gari lako linavuta paundi 5,000, na huenda ni kweli. Ila trela halivutwi tu, linaliegemea gari pia. Likipakiwa sawasawa, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake huwa inakandamiza mkia wa gari. Letu likiwa na vitu vyote lina paundi 3,300, basi karibu 400 zinatukalia. Kibandiko chetu kinasema 1,150. Toa hizo 400, toa sisi wawili paundi 350, zinabaki 400 kwa kila kitu kinachopanda ndani ya gari: boksi la barafu, jiko la nje, viti, jeki, masanduku. Zinaisha upesi kuliko unavyodhani.

Hata ndani ya trela tunahesabu. Galoni moja ya maji ina zaidi ya paundi 8, kwa hiyo tangi la galoni 20 likijaa ni karibu kilo 75, mtu mzima wa ziada. Sisi huondoka na galoni mbili tatu za njiani, tukajaza tukifika. Kisha, angalau mara moja kwa mwaka, tunapakia kila kitu kama tunaoondoka na kupita kwenye mizani ya malori, ambayo hupatikana kwenye vituo vikubwa vya mafuta kandokando ya barabara kuu. Kule nyumbani Kenya lori la mzigo halipiti Mariakani wala Mlolongo bila kupimwa. Huku trela dogo la familia halisimamishwi kwenye mizani, kwa hiyo ukaguzi ni wako mwenyewe.

Vitu vizito vikae mbele ya ekseli au juu yake, si nyuma. Trela lenye mkia mzito hucheza kushoto na kulia likipitwa na lori, na likishaanza linaweza kuliburuta gari. Hapo usikanyage breki ya gari. Ondoa mguu kwenye mafuta, shikilia usukani, na bonyeza taratibu kile kidude chini ya dashibodi kinachofunga breki za trela peke yake. Abiria naye ajue kilipo, aweze kukifikia bila kutazama. Sisi tulifanya zoezi hilo kwenye uwanja mtupu wa kuegesha magari, kwa mwendo wa polepole, hadi vidole vikakizoea.

Matairi ndiyo ninayoyaogopa kuliko yote. Tairi la trela haliishi kwa kuchakaa kama la gari, huzeeka likiwa limesimama. Miezi sita limekaa palepale chini ya theluji, mpira unakauka na kupasuka vijistari ubavuni, huku meno yake bado ni mapya na yanakudanganya. Chuchumaa usome herufi za DOT ubavuni: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka lilipotengenezwa. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande wa ndani tu, na itakubidi uingie uvunguni kwa tochi. Sisi tukifika mwaka wa sita tunabadilisha, hata kama yanang'aa. Upepo tunapima asubuhi kabla tairi halijapata moto, tunajaza kiasi alichoandika mwenye kuliunda trela. Tairi lenye upepo kidogo hupata joto, na joto ndilo linalolipasua. Mwendo nao ni huo huo: yapo matairi mengi ya trela yasiyopaswa kupita maili 65 kwa saa, hata kama bango la barabara linaruhusu 70.

Msisahau la spea, nalo lina umri. Na jaribuni wili spana yenu kwenye nati za trela kabla ya kuondoka, maana ya gari huenda isiingie. Yetu haikuingia. Afadhali tuliligundua hilo uani, tukiwa na duka la vipuri dakika tano kutoka nyumbani.

Gesi tunaikagua kama mama alivyonifundisha: povu la sabuni kwenye kila kiungo kutoka mtungini hadi jikoni, ukiona mapovu yanavimba funga mtungi. Mtungi hufungwa pia kila tunapoondoka. Ndani ya trela kuna vifaa viwili vya kupiga kengele, kimoja cha gesi na kingine cha kaboni monoksaidi, na vyote vina tarehe ya mwisho nyuma yake. Vigeuze uisome. Tuliokulia Afrika Mashariki tunajua habari za watu waliolala na jiko la makaa chumbani, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi, wasiamke. Trela ni chumba kidogo kuliko hicho. Usiwashe jiko kwa ajili ya kupata joto, hata usiku uwe wa baridi namna gani, na usiku wa Superior una baridi hata mwezi wa saba.

Maji hayana mengi. Dawa ya rangi ya waridi iliyozuia mabomba yasigande majira ya baridi isafishwe yote, kisha tangi lioshwe kwa klorini ya kufulia isiyo na manukato, robo kikombe kwa kila galoni 15, ikae saa kadhaa, uimwage na kusuuza mpaka harufu iishe. Bomba la maji ya kunywa liwe la kunywa tu, lisikae sanduku moja na lile la choo. Wakati wa kumwaga, tangi la choo hutangulia, la sinki hufuata ili maji yake ya sabuni yasafishe bomba. Vaeni glavu.

Kuni msibebe kutoka nyumbani, hata kama mna lundo uani. Kuna mbawakawa wa kijani kutoka Asia anayeua miti ya ash, na husafiri amejificha ndani ya kuni. Nunueni karibu na kambi, mzichome huko huko. Chakula chote usiku kiingie ndani, na sufuria iliyopikiwa nyama ioshwe, kwa sababu dubu weusi wapo ukanda huo na pua zao zinafika mbali.

Nafasi ya kambi tunaiweka mapema. Hifadhi za jimbo la Minnesota hufungua nafasi siku 120 kabla, na za karibu na ziwa hujaa siku ileile. Angalia urefu wa nafasi yenyewe na kama ina umeme, tena wa ampea 30, usije ukafika na plagi isiyoingia. Piga simu pia kwa kampuni ya bima: huduma ya kuvutwa gari likiharibika, je, inalihusu na trela? Nyingine hulivuta gari na kuliacha trela kando ya barabara. Na mwenye kadi ya ukaazi awe nayo mfukoni. Sheria inamtaka mtu mzima aibebe wakati wote, na barabara ya kwenda Tettegouche inaelekea mpaka wa Kanada.

Hali ya hewa ilitupa somo ambalo sikulitarajia. Usiku mmoja redio ilitangaza dhoruba kali, ikataja kaunti. Tukatazamana. Hakuna aliyejua tuko kaunti gani. Simu haikuwa na mtandao, mvua inapiga bati, na mimi napekua karatasi ya kambi kwa tochi natafuta jina. Barabara ya 61 kutoka Duluth kwenda juu hupita kaunti tatu: St. Louis, Lake, na Cook. Sasa kila tunapofika, jina la kaunti huandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi na kubandikwa karibu na mlango, pamoja na namba ya nafasi yetu, maana ukipiga 911 ndivyo utakavyoulizwa. Redio ndogo ya hali ya hewa yenye betri haikosi. Na kabla ya kuteremsha kiti tunatembea kwa miguu hadi kwenye jengo la matofali la vyoo na bafu, tupime ni dakika ngapi. Kimbunga kikija, trela si pa kujificha.

Siku ya kuondoka, mmoja anafunga na mwingine anapita nyuma yake akigusa. Kumtazama mwenzako hakutoshi, gusa kwa mkono. Kishikio kimekaa juu ya boli, lile tufe la chuma nyuma ya gari, na pini yake imepita. Minyororo miwili imepishana chini, ili ulimi wa trela ukichomoka uangukie juu yake badala ya lami. Waya wa breki ya dharura umefungwa kwenye gari lenyewe, si kwenye mnyororo. Mguu wa jeki umeinuliwa, ngazi imekunjwa, dirisha la paa limefungwa. Kabari za matairi ndizo za mwisho kutoka, kama utingo anavyotoa jiwe lake dereva akishawasha. Kisha mmoja anakanyaga breki na kuwasha indiketa, mwingine anasimama nyuma na kusema anachokiona, halafu tunabadilishana.

Tunashika barabara ya I-35 kuelekea kaskazini. Baada ya maili 50 au 60, kabla ya Hinckley, tunaingia kituo cha mafuta. Baba Watoto anakaza upya nati za magurudumu kwa spana yenye kipimo, maana magurudumu yakitoka kufungwa hulegea mwanzoni. Mimi nachuchumaa na kuweka kiganja katikati ya kila gurudumu, palipo na beringi. Safari inayofuata tunabadilishana kazi hizi. Beringi ikiwa vuguvugu ni sawa. Pakiniunguza hadi nivute mkono, grisi imekwisha au beringi imekufa, na safari inaishia hapo mpaka fundi aje. Nikiweza kuacha kiganja hapo nikihesabu hadi kumi, pande zote mbili, tunaendelea hadi Duluth.