Kabla ya kupeleka choo maabara: kwa aliyepigwa mionzi ya nyonga

Mama aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi pale Ocean Road, Dar es Salaam, akianza kuharisha, jirani atamwambia ni mionzi tu, itapita. Huenda ni kweli. Utumbo umepakana na kizazi, na dalili mara nyingi huanza wiki ya pili au ya tatu ya tiba. Ila hakuna kipimo cha maabara kinachotoa jibu la "mionzi". Maabara huondoa washukiwa wengine, kisha hupima hasara iliyokwisha kutokea.

Kwa hiyo cha kwanza kubeba ni karatasi ya tiba: sehemu iliyopigwa mionzi, jumla ya dozi, tarehe ya mwisho. Tatizo hili huweza kuzuka hata miaka baadaye, mbele ya daktari asiyekujua.

Taja kila dawa. Ukiwa umetumia antibiotiki karibuni, choo kitatafutwa sumu ya bakteria anayestawi baada ya dawa hizo. Metformini ya kisukari na baadhi ya ARV huharisha zenyewe. Anayeishi na VVU aseme bila kuficha, maana kuna vimelea ambavyo kipimo cha kawaida cha choo hakivioni mpaka vipakwe rangi maalumu.

Choo chenyewe ndicho huharibiwa zaidi. Tumia kopo la maabara, si la siagi lililooshwa. Kisichanganyike na mkojo wala maji ya chooni. Chota penye kamasi au damu. Kikiwa cha majimaji kifike ndani ya nusu saa hivi, la sivyo amiba hai hufa na jibu huja "hakuna kitu". Bora ukitoe hapohapo hospitalini.

Damu ni rahisi: picha kamili ya damu, chumvichumvi kama potasiamu, figo, albumini (protini ya damu). Vitamini B12 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, sehemu inayolala nyongani, hivyo huweza kupungua; basi usichomwe sindano yake kabla ya kutolewa damu, isije ikaficha upungufu. Kalprotektini, protini inayopimwa kwenye choo, huonyesha utumbo umevimba kwa mwasho, haisemi umetokana na nini.

Ukitapika huku tumbo limejaa na hewa haitoki, au damu ikitoka nyingi, usisubiri majibu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na homa pia, hasa kama mionzi ilienda pamoja na dripu za kemotherapi, kwa kuwa huenda chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, zimeshuka.