Jinsi ya kulinganisha matoleo ya diski ya filamu ya upweke: anzia gizani na kwenye ukimya

Wengi tukilinganisha matoleo ya filamu tunakimbilia pale penye moto na magari, tunatazama dakika mbili tunasema eeh hii iko kali, basi. Sasa hiyo njia ukiipeleka kwenye filamu ndogo ya upweke, ile aina inayokuchekesha huku inakuuma, mtu kakaa dirishani anatazama mji na hasemi kitu, utatoka kapa. Kwenye filamu za hivi mambo yote yako kwenye giza, kwenye ukimya, na kwenye nafasi tupu pembeni ya mtu, na hapohapo ndipo diski mbovu inapoharibu.

Mfano ntakaotumia ni Lost in Translation ya Sofia Coppola, ya mwaka 2003, maana wengi wameiona: mwigizaji wa makamo anayechezwa na Bill Murray kaenda Tokyo kupiga tangazo la wiski, anakutana hotelini na dada aliyeachwa peke yake na mume wake mpiga picha, wote hawapati usingizi. Ila hatua hizi zinafanya kazi kwa filamu yoyote ya namna hii.

Kabla hujaweka diski yoyote andaa tivi, la sivyo utakuwa unalinganisha tivi. Toa ile modi ya rangi kali ya dukani uweke ya sinema, shusha ukali wa picha, zima kipunguza chenga, na zima kabisa ile setingi inayolainisha mwendo mpaka filamu inakuwa kama tamthilia ya mchana. Alafu tumia pleya moja na waya mmoja kwa diski zote. Mimi nilishaitukana diski moja wiki nzima kwamba weusi wake umepauka kama shuka lililofuliwa mara mia, kumbe pleya niliyochezea ilikuwa imesetiwa tofauti na ile nyingine. Iko hivi: video ya diski inahesabu weusi kuanzia 16 na weupe unaishia 235, kompyuta inahesabu 0 mpaka 255, sasa pleya ikituma kwa hesabu moja na tivi ikapokea kwa hesabu nyingine, ama weusi unageuka kijivu ama vivuli vyote vinamezwa, na diski haina kosa lolote.

Haya, hatua ya kwanza ya kweli ni saa. Angalia urefu wa filamu kwenye pleya, sio kwenye boksi, boksi wanakadiria tu. Hii ni dakika 102 kwa mwendo wa sinema, fremu 24 kwa sekunde, fremu ni ile picha mojamoja. DVD za mfumo wa PAL, ule wa tivi za Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, zinacheza fremu 25, kwa hiyo wanachofanya wengi ni kuiharakisha filamu kidogo tu, asilimia 4, na ukipiga 102 mara 24 gawa kwa 25 unapata kama 98. Kwa hiyo ukiona dakika nne zimepungua usianze kupiga kelele kwamba wamekata sini, hamna kilichokatwa, imekimbizwa tu. Ila kukimbizwa huko kuna gharama yake: wasiporekebisha, sauti nayo inapanda juu kwa asilimia 4 hiyohiyo. Kwa filamu ya ngumi nani atajua, lakini hapa una Bill Murray mwenye sauti nzito ya kuchoka, una sini ya karaoke anayoimba ovyoovyo na ndio utamu wenyewe, alafu ukimya wote ambao mwongozaji kaupima kwa sekunde unafupishwa. Mi napenda ukimya ule uwe na urefu wake.

DVD za NTSC, mfumo wa Marekani na Japani, hazina shida hiyo ya kuharakisha, zenyewe zina shida nyingine, zinarudiarudia baadhi ya sehemu za fremu ili 24 zitoshe kwenye mfumo wa karibu 30, kwa hiyo kamera ikizunguka polepole utaona picha inagugumia kidogo. Na mistari inayojenga picha ni 480 badala ya 576 ya PAL. Kuna aina ya tatu mbaya kuliko zote, diski ya PAL iliyotengenezwa kutoka kwenye masta, yaani nakala mama, ya NTSC badala ya filamu yenyewe, hiyo utaijua ukisimamisha picha mtu anapogeuza kichwa: unaona nyuso mbili zimepandana kama mzimu. Ukikuta mzimu, hiyo diski weka pembeni, hata kama ina vionjo kumi vya ziada. Blu-ray nyingi zinacheza fremu 24 kama sinema na hizi habari zinaisha.

Hatua ya pili ni fremu. Filamu hii ilipangwa kwa umbo la 1.85 kwa 1, yaani upana kwa kimo. Kwenye Blu-ray, upana ukiwa 1920, kimo kinatakiwa kiwe kama 1038, yaani unaona vistari vyembamba vyeusi juu na chini, na watu wanadhani ni kasoro, sio kasoro. Wakijaza tivi yote unapata 1.78, tofauti ndogo, mi siigombanii. Ninachogombania ni nakala za zamani za kujaza tivi za mraba, wakikata pande wanaondoka na zaidi ya robo ya picha, na kwenye filamu ya upweke wanachokata ndicho kilichokusudiwa! Mwongozaji kamweka dada ukingoni mwa fremu na dirisha kubwa tupu upande wa pili, wewe ukikata dirisha umebakiwa na dada kakaa tu, hana upweke wowote, anasubiri basi.

Sasa tuje kwenye chembechembe, vile vinukta vya mkanda wa filamu vinavyoonekana kwenye picha, hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Filamu hii ilipigwa kwa mkanda wa kweli wa filamu wa milimita 35, tena wakati huo baba yake mwenyewe Sofia, Francis Ford Coppola, alimshauri apige kwa video maana ndiko dunia inakoelekea, Sofia akakataa. Na walipiga kwa siku 27 tu, bajeti kama dola milioni 4, sini nyingi kwa mwanga uliokuwepo palepale, taa za baa, taa za mabango ya barabarani, kwa hiyo walitumia mkanda wenye kunasa mwanga mdogo, na mkanda wa namna hiyo unatoa chembechembe nyingi. Zile ukizitazama zinachezacheza kama mchanga mwembamba unaopumua. Ni sehemu ya filamu.

Shida ni kwamba chembechembe hazirudii, kila fremu ina zake, na programu inayobana video inaishi kwa kutegemea vitu vinavyojirudia. Kwa hiyo fundi mvivu anafanya moja kati ya mawili, ama anazifuta zote kwa kichujio ili faili liwe jepesi, ama anaziacha lakini anaipa video data ndogo mno, zinavimba kuwa viboksi. Ya kwanza utaijua kwenye uso: ngozi inakuwa kama mshumaa, mikunjo ya macho ya mzee Murray imepigwa pasi, nywele zimegandana. Na kwa kuwa mikunjo ile ndiyo inayochekesha na ndiyo inayohuzunisha, wamefuta nusu ya uigizaji. Ya pili utaiona kwenye ukuta wa nyuma, unatetemeka kwa miraba.

Kujua kama diski ilikuwa na nafasi ya kutosha piga hesabu ndogo. DVD ya tabaka moja ni GB 4.7, dakika 102 zikigawana hapo unapata kama megabiti 6 kwa sekunde, na hapo sauti na vya ziada navyo vinataka kula. Tabaka mbili ni 8.5, inatosha kufika juu kabisa, maana video ya DVD hairuhusiwi kupita megabiti 9.8. Blu-ray ni GB 25 au 50 na video inaweza kufika 40, kwa hiyo kwa filamu fupi kama hii hata 25 sio mbaya kama hawakujaza makorokoro. Toleo jipya linaweza kuwa na namba kubwa na bado likawa limefutwa uso, kwa hiyo namba ikusaidie kushuku, jicho ndio liamue. Kama una faili kwenye kompyuta, programu ya MediaInfo itakusomea kila kitu, na VLC ukibonyeza E inakwenda fremu mojamoja.

Ukitaka picha za kulinganisha chagua fremu tatu nne tu, ila ziwe fremu zilezile kabisa, sio zinazokaribiana. Moja uso wa karibu, moja chumba cha giza, moja mtu mdogo ndani ya nafasi kubwa, na moja yenye taa za usiku. Usipige kwa simu ikiwa kwenye otomatiki, simu itajirekebishia mwanga yenyewe na utakuja kutangaza tofauti ambayo imeiweka simu.

Giza lina mtihani wake. Tafuta sini dirishani usiku au kwenye korido ya hoteli, zima taa za chumbani kwako, na tazama pale mwanga unapofifia taratibu kuelekea weusi. Ikiwa nzuri unafifia laini, ikiwa mbaya unaona ngazi, duara ndani ya duara kama maji yaliyorushiwa jiwe. Rangi pia, kuna matoleo mapya ya filamu za zamani yanapakwa ukijanibluu kila mahali ili yaonekane ya kisasa, angalia ngozi na shuka jeupe, shuka jeupe halidanganyi. Na kama toleo ni la 4K, lenye nukta nyingi zaidi ya Blu-ray, uliza kwanza picha ilitoka wapi: waliskani upya negativu, yaani mkanda wa asili uliotoka kwenye kamera, au walichukua masta ya zamani wakaivuta tu iwe kubwa? Ya pili haikupi kitu cha maana zaidi ya boksi zuri. Tena hizo zenye mwanga mpana, zinazoandikwa HDR, wakizidisha, taa ya kitandani inawaka kama jua na sini ya huzuni inageuka tangazo.

Saundi sasa. Hapa watu wanasoma namba za chaneli, 5.1, sijui nini, wakati filamu yenyewe nusu yake ni watu wawili wanaongea chini kwa chini. Vaa hedifoni. Sikiliza chumba kisicho na mtu anayeongea: kiyoyozi, mji kwa mbali, lifti. Kwenye DVD nyingi sauti imebanwa kwa Dolby Digital, kwenye Blu-ray unaweza kupata isiyopoteza kitu, na tofauti utaisikia hukohuko kwenye vitu vidogo na wala sio kwenye muziki. Kama toleo moja lina ukimya wa kufa kabisa, kama mtu kazima swichi, basi walisafisha mno, wamefuta chumba pamoja na uchafu.

Alafu sabtaito, na hapa nitakuwa mkali. Kuna sini ya kupiga tangazo la wiski, mwongozaji Mjapani anaongea maneno mengi kwa hisia kali, mkalimani anageuka anatoa kasentensi kamoja, na Murray anauliza, ni hayo tu? Coppola aliuacha Kijapani kile bila tafsiri makusudi. Mtazamaji asiyejua Kijapani anatakiwa apotee pamoja na yule mzee, ndio kichekesho na ndio upweke wenyewe, viwili kwa pamoja. Sasa ukikuta toleo ambalo sabtaito inakutafsiria kila neno la mwongozaji, na huwezi kuizima, wamekupa filamu nyingine. Kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye hiyo sini, washa sabtaito, soma, zima, ona kama zinazimika kweli au zimechomwa kwenye picha. Kwa filamu nyingine tafuta sini ya lugha ngeni inayofanana na hiyo, mara nyingi ipo.

Na kuna ule mnong'ono wa mwisho, barabarani katikati ya watu, Murray anamwambia yule dada kitu sikioni na sisi hatusikii. Kwenye toleo zuri unasikia kwamba kuna sauti, pumzi, mji unazunguka, lakini maneno hayashikiki. Ukikuta sabtaito imeandika sentensi kamili pale, aliyeandika kakisia, na mtu anayekisia pale sijui kakisia wapi kwingine.

Mengine haraka. Angalia namba ya eneo kabla hujalipa, maana pleya ya eneo jingine inaweza kuikataa diski, DVD ya namba 1 ni ya Marekani na Kanada, 2 ni Ulaya na Japani, Blu-ray zina A, B na C, za 4K hazina kufuli la eneo. Vya ziada vitazame mwisho kabisa, na kimoja tu ndio nakihesabu, mazungumzo marefu na waliotengeneza, maana trela kila mtu anayo.

Ukibaki na mbili hujui uchukue ipi, moja picha safi lakini nyuso za mshumaa, nyingine imechakaa kidogo ina vumbi hapa na pale lakini chembechembe zipo na muda ni kamili, chukua iliyochakaa. Alafu itazame usiku, peke yako, bila kusimamisha hata mara moja kupiga picha ya kulinganisha, mimi bado hilo linanishinda.