Somo: Kutafuta mlio wa kugongagonga kwenye injini ya pikapu

Pikapu zetu nyingi ni Hilux za zamani, zenye injini ya 22R ya petroli au 3L na 5L za dizeli. Zinabeba matoke na saruji kwenye barabara za changarawe mwaka mzima. Siku injini ikianza kulia kacha-kacha, gari linapelekwa gereji, na kabla ya jua kutua injini imeshushwa chini na kufunguliwa yote. Inaniuma sana kuona mtu analipia ovahoo kwa sababu ya boliti moja iliyolegea. Usikubali injini ifunguliwe kabla mlio haujajulikana unatoka wapi.

Hatua ya 1. Oili. Simamisha gari mahali tambarare, zima, ngoja dakika kumi, vuta kijiti. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kabla ya kuwasha. Ukiwasha, taa ya oili izime mara moja. Ikiendelea kuwaka, zima injini hapo hapo na gari livutwe.

Hatua ya 2. Jua mlio unakuja lini. Asubuhi tu, kisha unapotea? Ukipanda mlima na mzigo? Ukiachia mafuta? Tapeti, zile zinazosukuma valvu, zinalia tiki-tiki nyepesi, juu ya injini. Beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti kuu ya injini), inagonga ngo-ngo nzito, chini, na inazidi mzigo ukiongezeka.

Hatua ya 3. Vitu vya nje, na hapa usiwe na haraka. Bati linalofunika manifoldi ya ekzosi ndilo linalodanganya watu kuliko kitu kingine. Tundu za boliti zake huliwa na kutu zikapanuka, boliti iko imekaza lakini bati linacheza. Injini ikinguruma, libonyeze kwa kipande cha mti kikavu. Mlio ukikatika, umeupata: weka washa pana chini ya kichwa cha boliti, kazi imekwisha. Bonyeza hivyo hivyo mabati ya bomba la ekzosi huko chini. Kisha angalia mauntini za injini: raba ikipasuka, injini inagonga fremu unapoachia klachi.

Hatua ya 4. Zima injini, toa belti za nje, uwashe tena kwa muda usiozidi dakika moja, kwa sababu pampu ya maji haizunguki. Mlio ukipotea, tatizo liko kwenye altaneta, pampu ya maji au puli. Kwenye 3L na 5L, pampu ya vakyumu ya breki iko nyuma ya altaneta, kwa hiyo usiliondoe gari mahali lilipo belti ikiwa imetolewa. Breki zitakuwa ngumu kama jiwe.

Hatua ya 5. Chukua bisibisi ndefu, ncha uiweke kwenye chuma cha injini, mpini kwenye sikio. Sogeza kidogo kidogo: kifuniko cha tapeti, mbele kwenye taiming, ubavuni, sampu (beseni la oili chini). Mikono ya shati ikunjwe na feni uiogope.

Hatua ya 6. Kwa dizeli ya pampu ya zamani, legeza nati ya bomba la nozeli (inayopulizia dizeli kwenye silinda) moja baada ya nyingine, injini ikiwa inanguruma polepole, macho yakiwa yamekingwa. Ukilegeza moja na mlio ukabadilika, silinda hiyo ndiyo yenye shida. Anza kwa kupima nozeli yake. Lakini injini za D-4D, dizeli mpya zaidi za Toyota, usiziguse namna hiyo kabisa! Presha ya dizeli humo inaweza kuzidi bar 1,000, inatoboa ngozi na kuingia mwilini.

Sasa 22R, ambayo ina ugonjwa wake. Reli za plastiki zinazoongoza cheni ya taiming huvunjika, cheni ikaanza kupiga kifuniko cha mbele. Mwanzoni inalia asubuhi tu, baadaye siku nzima. Fungua kifuniko cha tapeti na umulike tochi kule mbele, utaona reli kama ipo au imekatika. Ukiacha, cheni inakwangua kifuniko mpaka kwenye njia ya maji, na oili inageuka chai ya maziwa. Ukitengeneza, badilisha cheni, meno yake, tenshena na reli kwa pamoja, na ushushe sampu utoe vipande vya plastiki, kwa sababu vinaziba chujio la pampu ya oili.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi, asante kwa somo. Niko Kabale, 5L yangu inagonga asubuhi na kutoa moshi mweupe, baada ya dakika chache inatulia. Ni beringi?

Hapana, ndugu yangu. Kabale ni baridi, na dizeli baridi hugonga. Pima hita plagi, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha: toa ukanda unaoziunganisha, unga taa ya majaribio kwenye chanya ya betri, ncha nyingine iguse plagi. Isiyowasha taa imekufa.

Makanika wangu anasema tuweke oili nzito zaidi ili mlio upungue. Nikubali?

Usikubali, dada. Sauti itapungua lakini beringi itaendelea kuliwa, na asubuhi oili nzito inachelewa kufika juu.

Mlio wangu unapotea nikikanyaga klachi. Nilitaka kwenda Kisekka, soko la vipuri Kampala, kutafuta injini nyingine.

Acha kwanza, mzee. Ukikanyaga klachi ukapotea, hiyo ni beringi ya shafti ya kuingilia kwenye giaboksi. Ungekuja ukikanyaga, ingekuwa beringi ya klachi. Injini haihusiki.

Nitajuaje kwa hakika kwamba beringi za konrodi zimeisha, kabla ya kufungua?

Toa filta ya oili, ikate, ikunjue karatasi yake juani. Ukiona vipande vinavyong'aa rangi ya shaba au fedha, na sumaku haivivuti, ni beringi. Hapo usiliendeshe hata mpaka gereji, maana krenki ambayo bado inaweza kuchongwa itaharibika njiani.