Kupanga Safari ya Meli Amerika Kusini kwa Msafiri wa Nyanda za Juu Kusini

Safari za meli kubwa za kitalii zinazozunguka ncha ya Amerika Kusini hufanyika zaidi kati ya Novemba na Machi, ambayo ndiyo miezi ya joto ya huko, na nyingi hufuata njia moja: kutoka Buenos Aires hadi San Antonio au Valparaíso nchini Chile, au kinyume chake, kwa muda wa wiki mbili hivi. Msafiri wa Mbeya, Iringa au Njombe anayejiandaa kwa safari hiyo, iwe kwa kiinua mgongo au kwa akiba ya mauzo ya parachichi, ataambiwa na wengi kwamba Januari huko ni joto. Maneno hayo ni ya kweli kwa siku za mwanzo na za mwisho tu. Katikati ya safari kuna baridi, mvua na upepo ambao ndio unaopaswa kuamua nini kiingie kwenye begi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kununua nguo, bali ni kuichukua ratiba ya meli na kuiandika upya kwenye daftari, kila bandari na mstari wake, ukionyesha tarehe, saa za kutia na kung'oa nanga, joto la mchana, joto la usiku na hali ya upepo. Ukifanya hivyo utaona mara moja jinsi safari inavyobadilika. Buenos Aires mwezi Januari hufikia nyuzi 30 za Selsiasi na unyevunyevu mwingi, joto ambalo mtu wa Kyela atalizoea upesi kuliko mtu wa Makete. Montevideo hupoa kidogo kwa sababu ya upepo wa baharini. Puerto Madryn, upande wa Patagonia ya Argentina, ni kukavu, kuna jua kali na vumbi. Kisha meli huelekea kusini zaidi, na mambo hugeuka: Stanley katika Visiwa vya Falkland joto la mchana kwa kawaida halizidi sana nyuzi 15, Ushuaia ni kama nyuzi 14 mchana na 5 usiku, na Punta Arenas haitofautiani sana nayo isipokuwa kwa upepo wake. Baada ya hapo huja njia za maji zilizopita kati ya milima ya Chile, ambako mvua hunyesha karibu wakati wowote, na mwishoni Valparaíso, ambako mkondo wa bahari wa Humboldt huipoza pwani hata mji wa Santiago, ulio ndani ya nchi, unapokuwa na nyuzi 30.

Namba za Ushuaia hazitamtisha mtu aliyekulia Njombe, wala yule wa Kitulo ambaye Juni na Julai huona umande ukiganda kwenye nyasi. Hapo ndipo penye mtego. Baridi yetu hutokana na mwinuko: usiku huwa mkali, lakini jua likishapanda, ifikapo saa tano watu huvua masweta. Baridi ya kule hutokana na umbali kutoka ikweta. Mbeya iko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta, ilhali Ushuaia inakaribia nyuzi 55, na jua la huko, ingawa mwezi Desemba hukaa angani kwa saa 17 hivi, haliko juu ya utosi. Mchana unaweza kupita wote bila kupata joto la kukufanya ufungue zipu, na katikati ya Januari inaweza kunyesha mvua iliyochanganyika na theluji.

Upepo nao una sababu yake. Kusini mwa nyuzi 40 dunia haina nchi kavu kubwa ya kuzuia pepo za magharibi, nazo huzunguka juu ya bahari tupu hadi zinapogonga ncha ya Amerika na kubanwa katika Mlango wa Drake, wenye upana wa kilomita 800 hivi kati ya Rasi ya Horn na visiwa vya Antaktika. Hewa ya nyuzi 10 ikivuma kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, mwili huihisi kama nyuzi 5, na aliyewahi kungoja basi Makambako alfajiri ya Julai hahitaji kuelezwa zaidi. Pepo hizohizo hubeba unyevu wa Pasifiki na kuumwaga upande wa Chile, kisha huvuka milima ya Andes zikiwa zimekauka, na ndiyo maana Patagonia ya Argentina ni nusu jangwa. Watu wa Rungwe wanalijua jambo hili bila kulisoma, kwa kuwa Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka wakati Usangu, ng'ambo ya milima, inahangaikia maji.

Sasa mavazi. Mtu wa nyanda za juu tayari ana nusu ya vitu vinavyohitajika: ana sweta, ana skafu, ana kofia ya mzula. Anachokosa kwa kawaida ni vazi la juu la kuzuia upepo na maji, kwa sababu kwetu mvua hukimbiwa chini ya kibaraza au kukingwa kwa mwavuli. Mwavuli uache nyumbani. Punta Arenas utageuka ndani nje kabla hujavuka barabara. Chukua jaketi la mvua lenye kofia ya kufunga kwa kamba, mikono inayobana kifundoni na zipu inayofika kidevuni, pamoja na suruali nyepesi ya mvua ya kuvalia juu ya nyingine.

Si lazima uagize vitu hivyo ng'ambo. Kwenye mitumba ya Mwanjelwa majaketi ya namna hiyo hupatikana kwa bei ndogo, maana hutoka katika nchi za baridi, ila ni lazima ujue kuyachagua. Ligeuze jaketi ndani nje na utazame mishono: jaketi halisi la mvua lina utepe mwembamba uliogandishwa juu ya kila mshono, na ukikuta utepe huo umeanza kubanduka, au bitana inatoa magamba meupe yanayobaki kwenye vidole, lirudishe hata kama lina jina kubwa kifuani. Kisha omba maji kidogo. Muuzaji atasema, "Mama, hili halipitishi hata moshi," nawe umjibu kwa upole, "Sawa mwanangu, tulimwagie kwanza." Matone yanapaswa kukaa juu ya kitambaa kama shanga na kuteleza; yakizama na kuacha doa jeusi, kitambaa kimeshachoka, na mvua ya nusu saa itakufikia mwilini.

Chini ya jaketi hilo vaa nguo kwa tabaka, kwa sababu ndani ya meli na ndani ya basi la ziara kuna joto, na utavua na kuvaa mara nyingi kwa siku. Tabaka la ndani liwe fulana nyembamba ya mikono mirefu ya sufu au ya kitambaa cha michezo; pamba hushika jasho na kuchelewa kukauka, na ukisimama upeponi jasho hilo ndilo linalokuletea kutetemeka. Tabaka la kati ni sweta la sufu. Suruali ya jinzi ikilowa ni mzigo wa siku nzima, basi iwe ya mjini tu. Akina mama wasiovaa suruali wanaweza kuvaa taiti nene za sufu chini ya sketi ndefu, na nje suruali ya mvua wakati wa kupanda mashua. Viatu viwe buti fupi zenye soli ya meno, zilizokwisha kuzoeana na mguu. Ongeza glavu, miwani ya jua na losheni ya kujikinga na jua, kwa kuwa tabaka la ozoni, lile la angani linalochuja miale mikali ya jua, kusini kabisa ni jembamba, hasa kuanzia Septemba hadi Novemba, na baridi humfanya mtu asahau kwamba anaungua midomo.

Kwa bandari za joto nguo zako za kawaida zinatosha. Meli nyingi pia huwa na jioni za kuvaa rasmi, na kwa maoni yangu gauni zuri la kitenge, au suti moja kwa mwanamume, humaliza hoja hiyo bila kujaza begi.

Aliyesafiri kwa meli Ziwa Nyasa kutoka Kyela hadi Mbamba Bay wakati ziwa limechafuka anajua kama tumbo lake linastahimili mawimbi. Asiyejua na achukue tahadhari: amwone mfamasia kuhusu dawa ya kichefuchefu cha safari, aimeze kabla bahari haijachafuka, na akiweza achague chumba cha katikati ya meli katika sitaha za chini, ambako mtikisiko ni mdogo.

Nyaraka zisichukue muda mrefu hapa, lakini zianze mapema. Uliza ubalozi wa kila nchi utakayotia nanga, na ueleze kwamba meli huingia Argentina, hutoka na kurudi tena, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja inaweza isikufae. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iwe imetolewa angalau siku 10 kabla ya safari, hasa ukipitia Brazil, kwani hata unaporudi Tanzania utaulizwa. Chile ina ukali mkubwa juu ya vyakula: matunda, mbegu, asali na nyama visivyotangazwa hutozwa faini, hivyo parachichi la Njombe liliwe kabla ya kushuka. Panga kufika Buenos Aires siku mbili kabla ya meli kuondoka, na jaketi, sweta moja na dawa vikae kwenye begi la mkononi, kwa sababu mzigo unaopitia viwanja vitatu au vinne unaweza kuchelewa, na meli haitausubiri.

Matembezi ya nchi kavu ndiyo yanayokula fedha, na njia nzuri ya kuyachagua ni kujiuliza kwanza kama hali ya hewa inaweza kuyafuta. Stanley haina gati la meli kubwa, abiria hushushwa kwa mashua ndogo, na upepo ukizidi nahodha hupita bila kushusha mtu. Ziara ya Volunteer Point, ambako kuna pengwini wakubwa aina ya mfalme, ni ya kuvutia sana, lakini ni saa nyingi za gari la magurudumu manne juu ya nchi isiyo na barabara; mwenye mgongo mbovu na aende Gypsy Cove, karibu na mji, na bado ataona pengwini wa Magellan. Punta Arenas nako, ziara ya mashua hadi Kisiwa cha Magdalena hutegemea upepo wa asubuhi. Kwa ziara za namna hii soma masharti ya kurudishiwa fedha kabla ya kulipa.

Puerto Madryn inahitaji kutazama kalenda. Nyangumi wa Rasi ya Valdés huwapo kuanzia Juni hadi mapema Desemba hivi, kwa hiyo anayefika Januari akilipia ziara ya nyangumi atatazama maji matupu. Punta Tombo, iliyo umbali wa kilomita 180 hivi, ndiyo ziara ya mwezi huo, kwa kuwa pengwini hukaa huko kuanzia Septemba hadi Aprili. Ushuaia ni rahisi zaidi: Hifadhi ya Taifa ya Tierra del Fuego iko kilomita 12 hivi kutoka mjini, mashua za Mlango wa Beagle huondokea bandarini, na mvua ikishinda unaweza kuingia kwenye jela ya zamani iliyofungwa mwaka 1947, ambayo sasa ni makumbusho. Milima ya Torres del Paine iko mbali mno na Punta Arenas kwa ziara ya siku moja. Utaishia kuiona kupitia dirisha la basi. Rasi ya Horn yenyewe meli kubwa huizunguka tu, nawe utaitazama kutoka sitahani ukiwa na tabaka zote mwilini.

Wanaoongeza Peru kwenye safari wasijidanganye kwa sababu ni watu wa milimani. Cusco iko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko kilele cha Mlima Rungwe, na mwili uliokaa baharini kwa wiki mbili huwa umepoteza sehemu kubwa ya mazoea ya mwinuko. Jipe siku ya kupumzika kabla ya kupanda ngazi za magofu ya kale ya Machu Picchu.

Ziara ukinunua kwa meli hugharimu zaidi, lakini ikichelewa meli hukungoja. Ukikodi gari mwenyewe bandarini, kuchelewa ni kwako. Mimi ningelipia ziara za meli kwa safari za mbali kama Punta Tombo, na ningetembea mwenyewe Ushuaia na Montevideo, ambako gati liko karibu na katikati ya mji. Majira ya joto bandari zote za njia hii huwa nyuma ya Tanzania kwa saa sita, na simu isiyorekebishwa itakudanganya kwa kiasi hichohicho. Muda wa mwisho wa kurudi melini huandikwa kwa tarakimu, kwa mfano 17:30, unakili hivyohivyo kwenye karatasi kila asubuhi, uweke mfukoni, na mwenzako umwonyeshe karatasi hiyo badala ya kumwambia kwa mdomo "saa kumi na moja na nusu."