Jinsi ya kurekodi safari ya miguu, Likoni mpaka Diani

Kama unataka kutembea pwani kusini na utengeneze stori ya sauti, adui wa kwanza ni upepo. Kuanzia Aprili hivi kusi inavuma, ukishika simu wazi utapata mvumo tu hakuna kitu kingine, so vesha maiki soksi ya manyoya alafu simama upepo ukupige mgongoni, mwili wako ndo ukuta.

Anza kurekodi kwenye feri, usingoje mchanga. Minyororo, makonda, kunguru (hao huwezi kuwatoa hata kwa kuedit, waache tu). Weka simu airplane mode, rekodi WAV (faili ya sauti isiyobanwa), na kwenye mita ya kurekodi sauti kubwa zaidi isipite -12 dB (dB ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kila mahali acha dakika nzima bila kuongea, hio ndo itakusaidia kuunganisha vipande baadaye. Chini ya miti ya mivinje lala kabisa, elekeza maiki juu, utasikia ule mluzi wake.

Sasa hisia. Ongea ukiwa umechoka, ukihema, hapo hapo, manake ukisubiri kesho utasema tu "ilikuwa poa". Kule mto Mwachema, kati ya Tiwi na Diani, watu huvuka maji yakipwa, kwa hivyo angalia saa za kupwa kwanza, alafu ukivuka sema unachohisi mguuni, baridi, tope, woga kidogo. Wavuvi waamkie na uombe ruhusa kabla ya kuwasha, bwana, wengine hawapendi kabisa.

Mafaili hamisha usiku huo huo na uyape majina ya mahali.