Jinsi ya Kulinganisha Lenzi za Kupunguza Kasi ya Maiopia kwa Mtoto

Miwani ya kawaida humwezesha mtoto mwenye maiopia, yaani asiyeona mbali vizuri, kusoma ubaoni, lakini haizuii jicho lake kuzidi kurefuka, na kurefuka huko ndiko kunakopandisha namba ya miwani mwaka hadi mwaka. Kabla ya kuulizia bei ya lenzi maalumu, iwe ni Mtwara mjini, Lindi au kwa kusafiri hadi Dar es Salaam, omba mtoto apimwe baada ya kutiwa matone ya kulegeza misuli ya jicho, na palipo na mashine apimwe pia urefu wa jicho kwa milimita. Pasipo vipimo hivyo vya mwanzo, hutajua baadaye kama fedha yako imefanya kazi.

Kwa miwani, majina mawili yanayotajwa sana ni MiYOSMART ya Hoya na Stellest ya Essilor. Ukiinamisha MiYOSMART mbele ya dirisha utaona vidoa vilivyopangana kama sega la nyuki kuzunguka sehemu safi ya katikati. Stellest ina duara 11 za vilenzi vidogo. Katika majaribio ya miaka 2, ya kwanza ilipunguza kasi ya maiopia kwa asilimia 52, na ya pili kwa asilimia 67. Usiikimbilie hiyo 67, kwa kuwa ni ya watoto waliovaa miwani angalau saa 12 kwa siku, ilhali kundi zima lilipata 55. Tena majaribio yenyewe yalikuwa tofauti. Kwa maoni yangu, kigezo kikubwa ni fremu ambayo mtoto ataivaa kutwa bila kuteleza puani kwa jasho la pwani, maana ikishuka, mboni haitazami tena katikati ya lenzi.

MiSight si miwani bali ni lenzi laini inayovaliwa juu ya jicho lenyewe na kutupwa kila jioni. Ilipunguza kasi kwa asilimia 59 katika miaka 3. Hiyo haitaki maji kabisa, kwa hiyo mtoto wa kushinda akiogelea Shangani simchagulii.

Muulize muuzaji lenzi iliyokwaruzika huchukua siku ngapi kuletwa nyingine. Wengi hununua fedha za korosho zikiingia, lakini lenzi huharibika hata mwezi wa Mei, msimu ukiwa umekwisha, basi tenga akiba ya jozi ya pili na ya vipimo vya kila miezi 6.